Kuruti Simu Lubumbashi: Ufunguo Anao Nani?

Anayesimama mbele ya meza ya fundi akauliza kama simu yake inaweza kurutiwa, mara nyingi anatafuta kitu kingine. Memori imejaa, WhatsApp haipokei tena picha. Matangazo yanajitokeza kwenye skrini kabla hajafungua programu yoyote. Simu iliyoletwa kutoka Kasumbalesa inadai akaunti ya Google ya mtu asiyemjua. Au rafiki aliyeko Dar es Salaam amemwambia kwamba Tecno ya zamani ikiwekewa Android mpya inakuwa kama imetoka dukani jana. Kwa kila shida kati ya hizi, Lubumbashi haikosi mtu wa kusema dawa ni ruti. Mara nyingi si dawa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaolipuuza swali hilo kama mchezo wa vijana. Ndani yake mna jambo zito: kifaa ulichokilipia dola zako, anayekitawala ni nani? Kiwanda kinasema ni chenyewe, kwa usalama wako. Google inasema hivyo hivyo kwa maneno ya upole zaidi. Lakini ukizifuata simu za mji huu tangu zinapoingia hadi zinapokufa, utaona kwamba ufunguo hauko Shenzhen wala California, wala hauko mfukoni mwa mwenye simu. Uko kwa fundi. Kwa hiyo anayeanza kujifunza mambo haya hapa kwetu anahitaji majibu yenye uzito tofauti na yale anayopewa mwenzake wa Ulaya.

Kwanza tutenganishe mambo yanayochanganywa. Android imejengwa juu ya keneli ya Linux, na Linux humpa kila mtumiaji nambari. Kwenye simu kila programu huhesabiwa kuwa mtumiaji peke yake: WhatsApp ina nambari yake na chumba chake, Facebook ina chake, na haziingiliani bila ruhusa. Nambari sifuri ndiyo ruti, mtumiaji asiyezuiwa na mlango wowote. Simu inapouzwa, sifuri hiyo imo na inafanya kazi, ila wewe hujapewa. Unaishi kama mpangaji ndani ya parseli: viti unavipanga utakavyo na mapazia unabadilisha, lakini chumba chenye mita ya umeme kina kufuli, na ufunguo anao bayeri, mwenye nyumba. Kuruti ni kuupata ufunguo huo huku ukibaki katika nyumba ile ile.

Kufungua butiloda ni jambo jingine, tena hutangulia. Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha, na kazi yake ni kukagua sahihi ya mfumo kabla ya kuuruhusu uanze. Ikifunguliwa, itakubali hata mfumo ambao kiwanda hakikuutia sahihi. Kuweka romu ni jambo la tatu: mfumo mzima wa kiwanda unaondolewa na nafasi yake inachukuliwa na mwingine uliotengenezwa na watu wengine, kama LineageOS. Simu yenye romu si lazima iwe na ruti. LineageOS yenyewe haiji na ruti. Kisha kuna kuflashi, kazi ambayo mafundi wetu huifanya kutwa: kurudisha faili la kiwanda lile lile juu ya simu iliyogoma. Mama anayesema, “Fundi, unirutie hii simu,” akarudishiwa simu iliyoflashiwa, huondoka ameridhika, na pengine ndicho alichohitaji tangu mwanzo. Ila picha zake zimekwenda.

Zamani milango hii ilikuwa haijafungwa sawasawa. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliyouzwa Marekani kwa jina la G1, ilitoka Oktoba 2008. Wiki chache baadaye watu waligundua kwamba kila walichokiandika kwa vitufe vyake kilipelekwa pia, kimyakimya, kwa mtumiaji sifuri. Ukiandika katikati ya ujumbe amri ya kuwasha simu upya, simu inazimika na kuwaka kweli. Google iliziba tundu hilo haraka, lakini tayari watu walikuwa wameonja. Mwaka 2009 Steve Kondik alianza kusambaza romu aliyoiita CyanogenMod, na Septemba mwaka huo huo Google ikamwandikia kumtaka aache kusambaza ndani yake programu zake kama Gmail na Ramani. Ndiyo maana mpaka leo romu nyingi huja bila Play Store, na mgeni hushtuka kuona simu mpya isiyo na duka. Kondik alikuja kuunda kampuni, kampuni ikafunga huduma zake mwishoni mwa 2016, na waliobaki wakaendelea na kazi ile ile kwa jina la LineageOS.

Kufuli nazo ziliongezeka. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, simu inaweza kukataa kuwaka kabisa ikiona mfumo umeguswa. Samsung ilianza mwaka 2013 kuweka ndani ya Galaxy zake kifyuzi kidogo cha Knox, mfumo wake wa usalama, kinachoungua mara tu mfumo usio wa Samsung unapowekwa: alama inageuka kutoka 0x0 kuwa 0x1 na hairudi tena, hata uflashi faili la kiwanda mara mia. Google iliweka ukaguzi wa SafetyNet, ambao nafasi yake imechukuliwa na Play Integrity, ili programu yoyote iweze kuuliza kama simu imefunguliwa. Upande wa pili kulikuwa na John Wu, kijana aliyetengeneza Magisk mwaka 2016, njia ya kuruti isiyogusa sehemu ya mfumo bali inabandika kidogo tu kwenye faili la kuwashia. Mwaka 2021 John Wu akaajiriwa na Google, katika kitengo cha usalama cha Android. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa jinsi wapasua kufuli na watengeneza kufuli walivyo watu wa ukoo mmoja.

Sasa turudi nyumbani. Simu zinazotawala meza za Lubumbashi, kuanzia butiki za katikati ya mji hadi pembezoni mwa soko la komini ya Kenya, ni Tecno, Infinix na itel. Zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, iliyoanza mwaka 2006, baadaye ikailenga Afrika, na kuingia soko la hisa la Shanghai mwaka 2019. Ndani zina chipu za MediaTek, na zile za bei ya chini kabisa mara nyingi za Unisoc. Hapo ndipo ndoto ya romu inapogonga ukuta. Katika orodha ya simu zinazohudumiwa rasmi na LineageOS zimo za Google, Samsung, Xiaomi, Motorola, OnePlus, Sony na hata Fairphone ya Uholanzi. Tecno, Infinix na itel hazimo.

Sababu yake haihusiani na ubaguzi. Ili mtu atengeneze romu anahitaji msimbo wa keneli ya simu hiyo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji. Leseni ya Linux, GPL toleo la 2, inamlazimu kila anayesambaza keneli kuutoa msimbo huo kwa anayeuhitaji. Watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu hawautoi, au hutoa kipande kisichojengeka. Bila msimbo huo mtu wa nje anabaki kupapasa gizani: kamera haiwaki, sauti ya simu inapotea, betri inaisha kabla ya saa sita mchana. Zaidi ya hapo, wenye ujuzi wa kutengeneza romu wengi hawatumii simu hizi, na mtu hutengeneza romu ya simu aliyonayo mkononi.

Kuna njia ya pembeni. Mwaka 2017, pamoja na Android 8, Google iliitenganisha sehemu ya mfumo na sehemu ya chipu katika mradi ulioitwa Treble, na matokeo yake ni kwamba simu iliyotoka kiwandani na Android 9 au zaidi inapaswa kuweza kuwashwa na mfumo wa jumla, ule unaojulikana kama GSI, usiotengenezwa kwa ajili ya simu moja. Tecno au Infinix inaweza kuupokea. Je, itafaa kwa matumizi ya kila siku? Itawaka, itaingia mtandaoni, itapendeza. Halafu alama ya kidole itagoma, au Bluetooth itakatika katikati ya wimbo. Kwa simu ya ziada ya kujifunzia ni raha tupu. Kwa simu pekee ya mtu anayeuza vitenge kwa kupokea M-Pesa, ni ujinga.

Simu za mkono wa pili zinazotoka Ulaya, Marekani na Dubai zina habari tofauti, na hapa anayeanza anapoteza pesa kwa kutojua herufi moja. Samsung yenye nambari ya modeli inayoishia na U imetengenezwa kwa soko la Marekani, na butiloda yake haina njia halali ya kufunguka. Ndugu yake aliyeuzwa Ulaya au Afrika, anayeishia na F au B, kwa kawaida anafunguka kama ni wa zamani. Pixel iliyouzwa na mtandao wa Verizon haifunguki, ilhali Pixel iliyouzwa huru inafunguka kwa amri moja. Huawei iliacha kutoa misimbo ya kufungulia mwaka 2018. Xiaomi inakutaka ufungue akaunti yake, uombe, kisha usubiri, kwa kawaida saa 168, na tangu mfumo wake wa HyperOS utoke mwaka 2023 masharti yamezidi. Muuzaji atakwambia zote ni “za Ulaya”, zote “original”. Nambari ya modeli kwenye mipangilio inasema kweli zaidi yake.

Tufike kwa fundi, maana hapa ndipo kazi yenyewe inapofanyika. Vifaa vyake ni kompyuta ya mkononi iliyochoka, waya kadhaa za USB, na boksi au dongli ya programu za kulipia. Kwa simu za MediaTek anatumia SP Flash Tool, kwa Samsung anatumia Odin. Hajasomea mambo haya popote. Amejifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine, na mikono yake inajua mambo ambayo vitabu havina. Udhaifu wake ni faili. Faili kamili la simu lina ukubwa wa gigabaiti mbili, tatu, au zaidi, na mega zinauzwa ghali. Kwa hiyo mafundi hupeana mafaili kwa diski, na faili linazunguka kutoka Kamalondo hadi Katuba bila mtu kujua lilianzia wapi wala nani aliligusa njiani.

Hatari inaanzia kwenye jina. Spark, Hot, Camon ni majina ya dukani. Infinix Hot 8 peke yake ina X650, X650B, X650C na X650D, na hizo si simu moja ndani. Fundi mwenye faili la mojawapo na mteja mwenye haraka mbele yake atajaribu. Mara nyingine simu inawaka. Mara nyingine inawaka na skrini inayosoma mguso kinyumenyume. Mara nyingine inakufa kabisa: haionyeshi chochote, haiitikii chaja, na kompyuta ndiyo pekee inayotambua kwamba kuna kitu mwisho wa waya. Kwa MediaTek hata hapo matumaini bado yapo, kwa sababu ndani ya chipu kuna programu ndogo iliyochomwa kiwandani isiyofutika, na kupitia hiyo fundi anaweza kuiamsha simu. Umeme nao una lake la kusema. SNEL ikikata wakati faili limefika nusu, na betri ya kompyuta ilikufa mwaka juzi, kosa si la fundi wala la mteja, lakini wote wawili watapandishiana sauti.

Kuna jambo moja ambalo ningemtaka kila anayeanza alijue kabla hata ya kujua ruti. Kwenye simu za MediaTek kuna sehemu ya memori inayoitwa NVRAM. Humo ndimo mnamokaa IMEI, nambari inayoitambulisha kila simu, na vipimo vya redio ya simu hiyo. Fundi akichagua kufuta kila kitu na kuandika upya, sehemu hiyo inakwenda pia, na simu inaamka bila IMEI: inawaka vizuri, inacheza muziki, ila haishiki mtandao. Nakala ya akiba ya NVRAM ni ndogo, haijazi hata kona ya flashi diski, na ni ya thamani kuliko romu yoyote utakayoipata. Asiyekuwa nayo anaishia kuandikiwa IMEI nyingine kwa boksi, na hapo tumeshaacha ufundi tukaingia kwenye mambo ya polisi.

Wakongomani tunajua nambari hiyo ina uzito gani. Septemba 2020 serikali ilianzisha RAM, daftari la vifaa vya mkononi chini ya ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Kila simu ilitambuliwa kwa IMEI yake na mwenyewe akakatwa dola 1 kwa mwaka ikiwa ya 2G, dola 7 ikiwa ya 3G kwenda juu. Fedha zilikatwa moja kwa moja kwenye uniti, mtu ananunua uniti asubuhi na mchana hana. Kelele zikawa nyingi hadi tozo hiyo ikafutwa mwaka 2022. Katika miezi hiyo watu ambao hawakuwahi kusikia IMEI waliijua kama wanavyojua jina la mtaa wao, na swali la kama inabadilishika likaulizwa kila kona. Inabadilishika. Lakini anayekubali kubadilishiwa hana tena namna ya kuthibitisha kwamba simu ni yake ikiibwa, na IMEI ya kubuni inaweza kuwa ya mtu mwingine aliyetoa taarifa ya wizi.

Basi shida zile za mwanzo zinatibiwaje? Memori iliyojaa haihitaji ruti. Ruti haiongezi hata kilobaiti moja ya memori, iwe ya kuhifadhia au ya kazi. Simu ya gigabaiti moja itabaki ya gigabaiti moja, na kinachoisaidia ni programu nyepesi na kufuta video za makundi ya familia. Programu za kiwanda zisizotakiwa zinaweza kuondolewa kwa mtumiaji wa simu kupitia kompyuta, kwa zana ya Google yenyewe iitwayo ADB, bila kufungua kufuli yoyote na bila kupoteza picha hata moja. Ukijuta, simu ikirudishwa katika hali ya kiwandani zinarudi. Fundi anayekuomba dola kumi za ruti kwa kazi hiyo amekuuzia nyundo kwa kuua nzi. Kuna pia simu za bandia zenye jina la Samsung zinazodai gigabaiti 512. Hizo haziwezi kuponywa kwa sababu hazina ugonjwa: faili lao limeandikwa tangu kiwandani liseme uongo kwenye ukurasa wa mipangilio, na ukiliondoa unabaki na simu ndogo iliyokuwapo siku zote.

Matangazo yanayojitokeza yenyewe, hapo nasita, kwa sababu hapo ndipo wapinzani wa ruti wanaposhindwa hoja. Agosti 2020 kampuni ya Upstream, kupitia huduma yake ya Secure-D, ilitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilikutwa na programu hasidi ya Triada zikiwa zimetoka nayo dukani. Triada ilivuta nyingine, xHelper, na hizo zikawa zinamwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kugusa kitu, zikila uniti zake usiku na mchana. Secure-D ilizuia miamala milioni 19.2 ya namna hiyo kutoka simu zaidi ya 200,000, nyingi zikiwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Transsion ilimtupia lawama mshirika mmoja katika mnyororo wa ugavi, ikasema dawa ilikwisha kutolewa.

Angalia kilichotokea hapo. Mwizi alikuwa na ruti. Mwenye simu hakuwa nayo. Kaspersky walioichunguza xHelper mapema mwaka huo walieleza kwamba hasidi hao wakishapata nguvu za mtumiaji sifuri hujiandika kwenye sehemu ya mfumo, mahali ambapo kurudisha simu katika hali ya kiwandani hakufiki, kisha hubadili mfumo ili hata mwingine mwenye ruti asiweze kuwafuta. Ushauri wao ulikuwa kuflashi simu nzima, pamoja na onyo kwamba wakati mwingine faili la kiwanda ndilo lenye uchafu. Kwa mtu wa Lubumbashi aliyenunua simu ya bei ya chini, romu safi kutoka kwa watu wasiomjua ingeweza kuwa salama kuliko mfumo aliouziwa. Tatizo ni lile lile la ukuta: kwa simu hiyo romu haipo. Anayehitaji zaidi ufunguo ndiye aliyeuziwa mlango usio na tundu.

Na bado ruti ya njia ya mkato ina hatari ile ile. Kwa muda mrefu chipu nyingi za MediaTek zilikuwa na dosari iliyowezesha simu kurutiwa kwa dakika moja, bila kufungua butiloda. Njia hiyo ilisambaa kwa jina la MediaTek-su tangu 2019, na Google ilitoa kiraka chake Machi 2020. Vijana waliifurahia. Lakini Januari 2020 Trend Micro walikuwa wameshakuta kwenye Play Store programu za kijasusi zinazotumia tundu hilo hilo. Ndiyo maana siziamini programu zinazojitangaza kuruti simu yoyote kwa kubonyeza mara moja. Zinafanya kazi pale tu simu yako ina tundu lisilozibwa, na zikishaingia hazikuambii zimeacha nini humo ndani.

Swali la fedha huja mara moja baada ya hapo, na hapa Kongo ina jibu lake. Simu iliyofunguliwa butiloda hushindwa ukaguzi wa Play Integrity, na programu ya benki inaweza kukataa kufunguka. Kuna mbinu za kuificha hali hiyo, zinazofanya kazi mwezi huu na kukwama mwezi ujao. Anayeziingia amejiajiri kazi isiyo na mshahara. Lakini sehemu kubwa ya fedha za mji huu hazipiti kwenye programu. Zinapita kwenye laini, kwa kupiga *1122# ya M-Pesa au nambari za Airtel Money na Orange Money, na nambari hizo hazijali kama simu ina ruti au ni ya tochi. Wakala wa mtaani asikutishe kwa hilo. La kutisha ni jingine: programu yoyote utakayoipa ruti inaweza kusoma ujumbe wa muamala kabla yako, kwa hiyo kila kibali cha ruti unachobonyeza ni kama kumwachia mtu kadi na nambari ya siri.

Kuhusu simu inayodai akaunti ya Google isiyo yako nitasema machache. Ulinzi huo ulikuja na Android 5.1 mwaka 2015, kwa ajili ya kuwakomesha wezi, na kuuondoa si kuruti, ingawa bango la fundi huweka vyote viwili mstari mmoja. Wapo wenye simu halali waliosahau nenosiri. Hao wana risiti, boksi, au angalau wanajua simu ilitoka wapi. Wapo pia wasiojua lolote. Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu 13 Machi 2023, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini yake ni kosa humo. Fundi mwenye busara huuliza maswali mawili kabla ya kuchomeka waya.

Nani basi afungue simu yake? Mwanafunzi wa ESIS Salama au wa UNILU mwenye Pixel au Motorola ya zamani droweni: afungue leo, hakuna maabara ya bei nafuu kuliko hiyo ya kujifunza Linux. Mwenye simu nzuri ambayo kiwanda kimeacha kuitunza, lakini LineageOS bado inaihudumia: afungue, ataongeza miaka. Mwenye Tecno au itel pekee, inayofanya kazi: aiache, aondoe uchafu kwa ADB, na aweke nakala ya NVRAM kwa fundi anayemwamini. Na anayeamua kufungua azingatie mpangilio. Kufungua butiloda hufuta kila kitu, kwa hiyo picha na majina vitoke kwanza. Faili kamili la kiwanda la modeli ile ile, na toleo lile lile lililomo kwenye simu, lipatikane kabla ya kugusa chochote, kwa sababu Magisk hubandikwa kwenye faili la kuwashia lililotoka humo, na kwa sababu ndilo litakalokurudisha ukikwama. Asijaribu kufunga tena butiloda wakati mfumo uliobadilishwa bado umo. Simu nyingi zilizonusurika safari nzima zimekufa kwa amri hiyo ya mwisho.

Anayenunua simu ya mkono wa pili naye anapaswa kujua kwamba huenda ananunua simu iliyokwisha kupitia yote haya. Apige *#06# alinganishe na kibandiko cha boksi, na asiwe mvivu wa kusoma tarakimu zote kumi na tano. Aizime simu na kuiwasha mbele ya muuzaji: butiloda iliyofunguliwa karibu kila mara huonyesha onyo kwa sekunde chache, na muuzaji mjanja huiuza ikiwa tayari imewaka. Afungue mipangilio ya Play Store, sehemu ya chini kabisa, atazame kama kifaa kimeidhinishwa. Ikiwa ni Samsung, aombe iwashwe kwa modi ya Odin asome mstari wa Knox. Ukisema 0x1, folda salama na malipo ya Samsung hazitafanya kazi humo tena. Si lazima aikatae. Ila bei ya kwanza aliyotajiwa ilikuwa ya simu nyingine.